Wimbo wa Msiba ni wa Nani?

Jumapili moja, katika usharika tuliokuwa tukiutumikia, kwaya ya vijana ilisimama baada ya somo la Injili ikaimba wimbo mpya. Wiki tano kabla ya siku hiyo tulikuwa tumemzika kijana wa miaka 17, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya hiyohiyo, aliyesombwa na mto uliofurika wakati wa masika alipokuwa akivuka kutoka shambani. Mwalimu wa kwaya alikuwa amemtungia wimbo. Ubeti wa kwanza ulisimulia mvua, wa pili ulisimulia mto, na katika ubeti wa tatu waliimba jina lake. Walilirudia jina hilo mara nne, kwa sauti zote, kisha wakamalizia kwa kusema kwamba Mungu alipita katika bustani yake akachuma ua lililo zuri kuliko yote.

Wimbo ulikuwa mzuri, na watu wengi walilia. Mama wa kijana alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa akina mama. Jina lilipoimbwa mara ya pili alijifunga kanga yake vizuri, akainuka, akatoka nje. Hakurudi mpaka ibada ilipokwisha.

Jumanne tulikwenda kumwona, sisi pamoja na mzee wa kanisa wa mtaa ule. Njiani tulikuwa tukijiandaa kukutana na hasira, lakini hatukuikuta. Alitukaribisha, akatuwekea chai, akakaa. Baada ya sala alisema, "Baba Mchungaji, wimbo ni mzuri, na wale watoto wanampenda mwanangu. Lakini walipoliimba jina lake, niliona sasa amekuwa wa watu wote, na mimi bado sijamaliza kuwa naye." Alinyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na lile la ua. Mimi sikumwona Mungu akichuma ua. Mimi niliona maji."

Tuliondoka pale tukiwa tumebeba swali ambalo hatukuwahi kujiuliza katika miaka yote ya kuimba na kufundisha kuimba. Wimbo wa msiba ni wa nani? Je, ni wa aliyefiwa, au wa aliyetunga, au wa kanisa linaloimba? Na mtunzi anayeona jambo likitokea mbele ya macho yake, katika nyumba yake, katika nyumba ya jirani, au katika taifa, ana ruhusa gani ya kulichukua na kulifanya wimbo?

Tulimwita mwalimu wa kwaya. Tungependa msomaji amwelewe kijana huyu kama tulivyomwelewa sisi. Hakutafuta sifa. Alikuwa miongoni mwa waliokesha kandokando ya mto siku mbili wakitafuta mwili. Alitwambia, "Mchungaji, nisingetunga ningepasuka." Tunamwamini. Kuna watu ambao Mungu amewaumba hivyo, kwamba lile wasiloweza kulisema wala kulilia hawana budi kuliimba. Kumwambia mtu wa namna hiyo asitunge juu ya yale yanayotokea ni sawa na kumwambia mkulima asiangalie mvua.

Tena mwalimu huyu alikuwa anafuata desturi ya kwaya zetu. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, nchi nzima iliomboleza kwa nyimbo, na kwaya za makanisa zilikuwamo. Ajali, njaa, magonjwa, uhuru na vita vyote vimepita katika nyimbo zetu. Kabla yetu, Miriamu alishika tari kando ya bahari, na Debora aliimba baada ya vita. Biblia haijui mtunzi anayeishi nje ya mambo ya dunia.

Hata Baba yetu wa Matengenezo alianza hivyo. Tarehe 1 Julai 1523 watawa wawili wa shirika la Augustino kutoka Antwerp, Hendrik Vos na Johannes van den Esschen, walichomwa moto hadharani mjini Brussels kwa sababu walikataa kuikana imani waliyojifunza katika maandiko ya Luther. Luther alikuwa wa shirika hilohilo. Habari ilipomfikia Wittenberg alitunga wimbo, na wengi wanauhesabu kuwa wimbo wake wa kwanza. Ulikuwa wimbo wa habari, wa namna iliyoimbwa masokoni siku zile. Ulisimulia waliokufa ni akina nani, walikufa wapi na kwa nini.

Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tuliowahi kuuimba wimbo huo? Haumo katika ibada zetu. Wanafunzi wa theolojia huusoma darasani, kisha huufunga pamoja na daftari. Lakini katika kipindi hichohicho, mwishoni mwa 1523 na mwanzoni mwa 1524, Luther aligeukia Zaburi, akaanza kuzifanya nyimbo ili watu wa kawaida waliimbe Neno kwa lugha yao. Aliichukua Zaburi ya 130, kilio cha mtu aliye kilindini, akaifanya wimbo. Ndani yake hamna Brussels wala Antwerp, wala jina la mtu yeyote. Wimbo huo uliimbwa mwaka 1525 katika mazishi ya Mtawala Frederick, aliyemlinda Luther. Mwaka 1546 watu wa mji wa Halle waliuimba wakati jeneza la Luther mwenyewe lilipokuwa njiani kurudishwa Wittenberg. Alitunga wimbo akiwa na umri wa miaka 40, na miaka 22 baadaye watu walimlilia kwa wimbo huohuo.

Hapa tulianza kuona njia. Kuna nyimbo zinazotuletea habari, na kuna nyimbo zinazozipeleka habari zetu mbele za Mungu. Za kwanza zinahitaji majina na tarehe, kwa kuwa bila hizo hazina kazi. Za pili zinaacha nafasi tupu mahali palipokuwa na jina, ili mwingine naye aingie na jina lake.

Daudi alijua namna zote mbili. Sauli na Yonathani walipouawa, aliwatungia maombolezo, akawataja wote wawili kwa majina, akautaja na mlima walioangukia, na akaagiza wana wa Yuda wafundishwe wimbo huo (2 Samweli 1:17-27). Ni maombolezo yanayogusa sana. Lakini tuangalie yamewekwa wapi. Yako katika kitabu cha historia, hayamo katika kitabu cha Zaburi. Kisha tuisome Zaburi ya 51. Juu yake pameandikwa tukio lililoizaa, kwamba nabii Nathani alimwendea Daudi baada ya dhambi yake na Bathsheba. Lakini ndani ya zaburi yenyewe Bathsheba hatajwi, Uria hatajwi, wala jumba la mfalme halitajwi. Zaburi ya 3 nayo ni hivyohivyo. Kichwa chake kinasema Daudi alikuwa akimkimbia mwanawe Absalomu, lakini aya zake hazimtaji Absalomu hata mara moja. Si zaburi zote zilizo hivyo, maana ile ya 137 inaitaja Babeli waziwazi. Lakini nyingi kati ya zile tunazozishika mikononi wakati wa shida ni za namna hii. Tukio limebaki mlangoni, na ndani pana nafasi.

Hapo pana jambo gumu ambalo hatupaswi kulipita haraka. Zaburi ya 51 ilizaliwa kwa damu ya mtu mwingine. Uria alikufa ukutani pa Raba, na aliyemuua ndiye aliyepata wimbo. Je, si dhuluma juu ya dhuluma, kwamba mauti ya mtu yamekuwa chanzo cha sala nzuri kinywani mwa muuaji wake? Tumelifikiri jambo hili mara nyingi wakati wa Kwaresima, tunapoisoma zaburi hiyo mbele ya usharika. Jibu tulilo nalo ni dogo. Daudi hakumfanya Uria kuwa pambo la wimbo wake. Hakusema kwamba Mungu alimhitaji Uria mbinguni. Alijitaja mwenyewe na dhambi yake. Na kile kichwa kidogo kilichoandikwa juu ya zaburi hakijaturuhusu tusahau, hata leo, kwamba kulikuwa na nyumba iliyovunjwa. Mtunzi anayechukua uchungu wa mwingine na kujipamba nao anafanya alichokataa kukifanya hata Daudi, naye alikuwa na hatia kubwa.

Sasa tuungame kosa letu sisi wahubiri. Tunapenda sana visa vya nyimbo. Tukitaka watu waimbe kwa moyo, tunawasimulia jinsi mtunzi alivyoteseka, na wakati mwingine tunaupanga msiba mahali panapotufaa. Tumewahi kusimulia, na huenda wengine mmesikia, kwamba Martin Rinkart aliandika wimbo wake maarufu wa shukrani akiwa ametoka kumzika mke wake. Rinkart alikuwa mchungaji wa Eilenburg katika Ujerumani wakati wa Vita vya Miaka 30. Mwaka 1637 tauni iliingia katika mji uliojaa wakimbizi. Watumishi wenzake walikufa au kuondoka, akabaki yeye, akazika watu zaidi ya 4,000, na miongoni mwao alikuwamo mkewe. Hayo ni kweli. Lakini watafiti wengi wanaamini kwamba wakati huo wimbo ulikuwa umekwisha kuandikwa. Ulikuwa sala ya kushukuru mezani, aliyowatungia watoto wake waimbe baada ya kula.

Mambo ya Paul Gerhardt yanafanana na hayo. Watu husimulia kwamba aliandika wimbo wake wa kumkabidhi Mungu njia zote akiwa amefukuzwa kazini Berlin, yuko njiani na familia, hana pa kulala. Kweli Gerhardt aliondolewa katika kanisa la Mtakatifu Nikolao mwaka 1666, kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kutia sahihi hati ya mtawala. Kweli pia kwamba kati ya watoto wake watano alizika wanne, na mkewe alifariki mwaka 1668. Lakini wimbo ule ulichapishwa mwaka 1653, kabla hata hajaoa.

Tulipojifunza hayo chuoni, baadhi yetu tulisikitika, kana kwamba tumenyang'anywa kisa kizuri. Leo tunaona kwamba tulipewa kilicho bora zaidi. Sisi tulifikiri kwamba msiba huja kwanza, halafu wimbo hutoka ndani yake kama machozi yanavyotoka jichoni. Rinkart na Gerhardt wanatuonyesha kwamba wimbo wa imani unaweza kumtangulia mtunzi wake, ukamngojea mahali ambapo bado hajafika. Rinkart aliandika sala ya mezani wakati meza ilikuwa na watu. Kisha ikaja siku ambayo meza ilipungukiwa mtu, na sala ikawa ile ile. Gerhardt alipokuwa anamzika mtoto wa nne, nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kuwa za kanisa. Aliweza kuziimba kama mshiriki mwingine yeyote, kwa kuwa hakuwa amezifunga kwa huzuni yake ya zamani. Luther naye mwaka 1542 alitoa kitabu kidogo cha nyimbo za mazishi, na ndani yake zilikuwamo nyimbo alizotunga miaka 18 nyuma. Mwaka huohuo binti yake Magdalena alifariki akiwa na miaka 13.

Hatusemi kwamba haijapata kutokea mtu akaimba moja kwa moja kutoka katika jeraha lake. Tarehe 22 Novemba 1873 meli iitwayo Ville du Havre ilizama katika bahari ya Atlantiki. Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, alipoteza binti zake wanne, na mkewe Anna akaokolewa peke yake. Kutokana na msiba huo Spafford aliandika wimbo ambao leo huimbwa katika mazishi duniani kote, na hata kwetu kwa Kiswahili. Ni mtu aliyekuwa na haki ya kusema kila jina, maana walikuwa watoto wake. Lakini katika wimbo hakutaja jina la mtoto, wala meli, wala tarehe. Philip Bliss, aliyetunga muziki wake, ndiye aliyeipa sauti hiyo jina la meli, na jina hilo linaonekana kwa herufi ndogo katika baadhi ya vitabu vya nyimbo, pale ambapo waimbaji wengi hawaangalii. Tena tunarudi kwenye jambo lilelile: tukio limebaki mlangoni. Ndiyo maana mjane asiyewahi kuiona bahari huuimba wimbo ule na kuuona kuwa wake.

Wimbo usiofungwa mahali pamoja husafiri. Hata za furaha ni hivyo. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, alipokuwa Makumira, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka kwa sauti ya asili ya Wahaya, nao ni "Mfurahini, Haleluya". Leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, nchi ya Rinkart na Gerhardt. Waliotuletea nyimbo zao za kufiwa wanaimba nasi wimbo wetu wa kaburi lililo wazi. Wanaouimba huko hawajui kandokando ya Ziwa Viktoria kukoje, na hawazuiliwi na hilo.

Lakini mtu anaweza kutuuliza, na ana haki: je, kuficha majina si kuficha kweli? Ziko damu zinazolia kutoka ardhini, na mtu aliyeuawa kwa dhuluma asipotajwa kwa jina, waliomuua wanafurahi. Swali hilo ni zito, na ndiyo maana hatuuonei haya ule wimbo wa kwanza wa Luther. Wale watawa wawili walichomwa na wenye nguvu, na walieneza habari kwamba mwishowe waliikana imani. Wimbo wenye majina yao ulikuwa ushahidi. Kwa hiyo hatusemi kwamba majina yasiimbwe. Tunasema kwamba jina la marehemu lina mwenyewe. Kama ndugu zake wanalia kwamba limefutwa, kanisa liliimbe, na liliimbe kwa nguvu. Kama mama yake amelikumbatia kifuani na bado hajalitoa, kanisa lingoje. Wazee wetu walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema aujuaye mwalimu wa kwaya, wala mchungaji.

Na lile la ua? Hapo tuliona kwamba mama yule alikuwa amehubiri kuliko sisi tulivyohubiri kwenye mazishi. Luther, katika hoja zake za Heidelberg mwaka 1518, alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita kila jambo kwa jina lake halisi, na haliiti baya kuwa jema. Mto uliofurika ni mto uliofurika. Kijana wa miaka 17 aliyekufa akitoka shambani ni hasara, na kumwita ua lililochumwa ni kumfanya Mungu kuwa mwizi wa bustani huku tukidhani tunamsifu. Tunaamini kwamba Mungu alikuwapo mtoni. Lakini Mungu tunayemfahamu ni yule aliyening'inia msalabani, na kwa hiyo tunamtafuta upande wa aliyezama, hatumtafuti upande wa mkono uliovuta. Mtunzi akiweka faraja ya haraka katika kiitikio kwa sababu tu inatoa vina, amewafundisha watu mia tatu uongo wenye sauti nzuri, na uongo ulioimbwa haufutiki upesi kama ule uliohubiriwa.

Limebaki swali moja linalotuhusu sisi sote tusiotunga. Je, tunaruhusiwa kuimba uchungu ambao hatujaupitia? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mshiriki mwenye afya, mwenye watoto wote nyumbani, anaposimama kuimba Zaburi ya 130 kwa sauti kubwa, je, anadanganya? Na aliyefiwa juzi anaposimama katikati ya wimbo wa shukrani akiwa hawezi kufungua kinywa, je, amepungukiwa imani?

Jibu letu ni kwamba ndiyo maana tunaimba pamoja. Mtu akiimba peke yake, ni lazima wimbo ufanane na hali yake. Kanisa likiimba, mmoja anabeba maneno ambayo leo si yake, kwa ajili ya jirani ambaye ni yake na hana nguvu ya kuyainua. Kesho zamu itageuka. Mama yule aliposimama nje ya mlango Jumapili ile, kanisa lilikuwa likiimba juu yake. Lilipaswa kuwa linaimba kwa ajili yake, na hiyo ni tofauti kubwa sana. Kuimba juu ya mtu kunamfanya awe kitu cha kutazamwa. Kuimba kwa ajili yake kunamwachia nafasi akae, na akitaka, anyamaze.

Na juu ya hayo yote yuko Bwana wetu mwenyewe. Alipokuwa msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22. Aliyeiandika zaburi ile alikuwa na adui zake na maumivu yake, na hakutuachia majina yao. Aliacha nafasi. Karne nyingi baadaye Mwana wa Mungu, mikono yake ikiwa imepigiliwa misumari, aliingia katika nafasi ile na kuikuta inamtosha. Yeye aliyeweza kusema neno jipya alichagua kulia kwa wimbo wa zamani, wimbo ambao watu wake walikuwa wameulia kabla yake. Tangu siku ile hakuna aliyefiwa anayeimba zaburi ya maombolezo akiwa peke yake ndani yake. Kuna Mmoja aliyekwisha kukaa humo.

Mwalimu wa kwaya alikwenda nyumbani kwa mama yule. Hatukumtuma, ila tulimwambia kwamba mlango uko wazi. Alikwenda mara ya kwanza akakaa tu, hakusema habari za wimbo. Mara ya tatu ndipo alipomwomba radhi na kumuuliza, "Mama, wimbo tuuache kabisa?" Mama alimjibu, "Msiuache. Toeni jina. Na ua mlitoe pia. Maji yaacheni." Akakubali ubeti wa mto ubaki, kwa kuwa ulikuwa kweli.

Mwishoni mwa mwaka wa Kanisa, Jumapili ambazo masomo hutuelekeza kwenye uzima wa milele, kwaya iliuimba tena. Ubeti wa tatu ulikuwa mpya. Haukueleza kwa nini jambo lile lilitokea. Ulimwomba tu Kristo, aliyeshuka mautini, asimwache yeyote aliyeko chini ya maji. Mama wa kijana alikuwa benchi lilelile la tatu, na hakutoka. Kando yake alikaa mama mwingine kutoka mtaa wa mbali, ambaye mwaka ule alikuwa amempoteza binti kwa ugonjwa na hakujua habari za mto. Wimbo ulipofika mwisho huyo ndiye aliyelia, akasema kwamba kwaya imemwimbia binti yake. Mama wa kijana alimsikia. Hakumsahihisha. Alimpa ncha ya kanga yake ajifute, wakaketi hivyo mpaka wakati wa sadaka.

Tunawasihi ndugu zetu mliopewa kipawa cha kutunga: tungeni. Dunia haiachi kutupa mambo ya kuimba, na kanisa lisiloimba yanayotokea limejifungia ndani. Ila kabla hamjamleta mtu katika wimbo, nendeni kwanza nyumbani kwake, mkae. Mkikuta maneno mnayotaka kuyasema si kweli mbele ya aliyefiwa, basi si kweli mbele ya madhabahu. Na mkimaliza kutunga, acheni nafasi. Hamjui ni nani atakayeihitaji kesho. Huenda ikawa ni ninyi wenyewe.